Bi Sogeza Anaondoka, Rafu Zinapumua

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutuhamisha sisi na bidhaa zetu kutoka pembe moja ya duka hadi nyingine, Msanifu wetu Mkuu wa Maonyesho ya Bidhaa anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kuanzia mlinzi wa mlangoni hadi mwenye duka, sote tunamwita Bi Sogeza. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi. Mara ya mwisho lilipotamkwa kwenye kipaza sauti hakuna aliyegeuka, hata yeye mwenyewe.

Wapo wanaopata jina kwa jasho lao. Yeye alilipata kwa jasho letu. Neno lake la kwanza asubuhi, kabla hata ya salamu, lilikuwa "sogeza". Sogeza kabati. Sogeza taa. Sogeza hiyo ndoo, inamzibia mteja njia. Ukishasogeza, anarudi nyuma hadi mlangoni, anafumba jicho moja, anaguna. Ukiusikia mguno huo, ujue kabati linarudi lilikotoka.

Alianza kazi kwenye meza ya kufunga vifurushi. Siku hizo dirisha la mbele lilikuwa na kila kitu tulichouza: pasi, mipira, mablanketi, chupa za chai na mashuka, vyote vimerundikwa kama mizigo ya watu waliofukuzwa nyumba. Aliomba ruhusa ya kulifuta vumbi. Alipoingia humo alitoa kila kitu, akabakiza kiti kimoja na blanketi jekundu lililokunjuliwa nusu, kama mtu ametoka kuketi hapo sasa hivi. Msimamizi akadhani tumeibiwa. Kabla hajamaliza kumwita mlinzi, wapita njia walikuwa wameshaingia kuuliza bei ya blanketi. Tangu hapo Bi Sogeza hakufunga tena kifurushi, na hilo lilikuwa heri kwa wateja, maana vifurushi vyake vilikuwa vinafumuka kabla havijafika barabarani.

Hatukuandika haya ili kumvika kilemba cha ukoka. Bi Sogeza alikosea, na mtu ambaye kazi yake iko dirishani hukosea mbele ya watu. Kuna msimu wa joto aliopanga feni zote za dukani kwenye safu moja, akazifunga utepe ili mteja auone upepo kwa macho, kisha akaziwasha kwa mpigo. Upepo ulionekana kweli. Uling'oa vibandiko vya bei kuanzia kaunta ya taulo hadi ya mashati, ukavigawa upya kwa hiari yake. Mchana huo tuliuza taulo za kuogea kwa bei ya leso, na hakuna mteja aliyelalamika.

Kuna pia yule sanamu wa kuonyeshea nguo, aliyemvisha koti na miwani na kumkalisha karibu na mlango ili aonekane mtu wa maana. Alionekana wa maana kupita kiasi. Mzee mmoja alimsalimia kwa adabu zote, akasubiri, akamsalimia tena, kisha akapanda ofisini kulalamika kwamba tumeajiri mtu mwenye kiburi. Bi Sogeza alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi kwa niaba ya sanamu, na akamuuzia lile koti.

Lakini habari ambayo sote tuliomba iandikwe, isipokuwa mtu mmoja, ni habari ya meza. Huyo mmoja ni Meneja. Leo, haya yakisomwa kwenye hafla ya kumuaga Bi Sogeza, ameketi safu ya mbele, na atuvumilie.

Wakati huo Meneja alikuwa kijana mgeni kazini, mwenye tai iliyombana shingo hata kwenye joto la kukaanga watu. Ghorofa ya juu ilikuwa ya vyombo vya mezani, na wateja hawakupanda. Hatukuweza kuwalaumu. Sahani na vikombe vilisimama kwa kufuata urefu, nyuma ya kioo, chini ya kibao kikubwa cha USIGUSE. Tulikuwa wanne huko juu, mimi nikiwa mmoja wao, na kazi yetu ilikuwa kufuta vumbi na kutazamana. Meneja alitutangazia kwamba mwisho wa mwezi ghorofa itafungwa igeuzwe stoo. Sisi wanne tutageuzwa nini, hakusema. Mmoja wetu alikuwa mjamzito. Mwingine ndiyo kwanza amechukua wadogo zake awalee. Siku ile chakula cha mchana hakikulika.

Bi Sogeza aliposikia, hakupanda kutupa pole. Alipanda kuuliza nani nyumbani kwake ana kiatu kidogo cha mtoto.

Asubuhi iliyofuata, chini ya ngazi, mahali zilipokuwa zikikaa ndoo za plastiki, palikuwa na meza ya familia iliyoinuka sasa hivi. Kando ya birika kulikuwa na kikombe chenye chai kidogo chini. Sahani ilikuwa na makombo ya mkate. Kitambaa kilikuwa kimevutwa upande mmoja, miwani imelazwa juu ya gazeti, kiti kimoja kimesukumwa nyuma, na chini ya meza kulikuwa na kiatu cha mtoto kimelala kifudifudi. Hakukuwa na kibao cha kukataza chochote. Kadi ndogo tu ilisema: Vingine viko juu.

Alitueleza kwa haraka huku akimwaga makombo mengine. Kitu kilichonyooshwa sana, alisema, mtu anaogopa kukigusa, anahisi atagombezwa. Na asichokishika mkononi hakibebi kwenda nacho nyumbani. Tulitikisa vichwa kama tuliomwelewa.

Meneja alipoingia alisimama kama aliyekanyaga maji.

"Hapa ni dukani au ni nyumbani kwa mtu?" akauliza.

"Umeona?" Bi Sogeza akamjibu kwa furaha. "Hata wewe umedhani ni nyumbani."

Meneja hakuona cha kufurahia. Mwenye duka alikuwa njiani kuja, na uchafu ule, alisema, uondoke mara moja. Bi Sogeza hakubishana, jambo ambalo lilitutisha kuliko kelele zake zote. Alikwenda kutafuta trei ya kubebea vyombo. Aliporudi nayo, alifika kwenye rafu ya sufuria, akaganda, kisha akarudi kinyumenyume na kujificha nyuma yake.

Kwenye kile kiti kilichosukumwa nyuma alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo ya juu, mkoba wake ameuweka mezani, akikusanya makombo kwa kiganja. Alikuwa mamamkwe wake.

Hapa inabidi tueleze kidogo. Kwa miaka mingi mama huyu alikuwa akiwaambia ndugu kwamba mwanawe ameoa mwanamke anayelipwa kupanga vikombe, na huku nyumbani vikombe vinapangwa na mwanawe. Lilikuwa neno la mzaha, lakini lilikuwa linachoma, na Bi Sogeza alikuwa anatabasamu na kuondoka jikoni. Siku hiyo mama alikuwa amekuja bila taarifa kuiona hiyo kazi kwa macho yake. Miguu ilikuwa imemchoka. Aliona kiti, akaketi.

Meneja alimwinamia. "Mama, samahani, hapo si mahali pa kukaa."

Mama alimtazama kuanzia viatu hadi tai. "Kwani kiti ni cha kufanyia nini?"

"Na hii chai imepoa," mama akaendelea, akimsukumia birika. "Nenda kaniletee nyingine, mwanangu. Na uivue hiyo tai, utazimia."

Alikwenda. Tuliokuwa tunachungulia ngazini tuko tayari kuapa popote. Alikwenda jikoni kwa wafanyakazi, akarudi na birika inayofuka moshi na tai ikiwa mfukoni. Kufikia hapo mume na mke waliokuja kununua balbu walikuwa wameinua sahani, wanaigeuza kuangalia mgongo wake. Bwana mwingine alikuwa amekalia kiti cha pili na kuuliza kama chai ni ya wote. Meneja alikuwa anammiminia, mwenye duka alipoingia.

Mwenye duka aliitazama meza, akamtazama meneja wake aliyeshika birika, akauliza hii ni kazi ya nani.

Tulijua kwamba mtu mwingine angejivika sifa, au angejitoa lawamani, kutegemea sauti ya bosi. Meneja aliweka birika mezani. "Yuko nyuma ya sufuria, mzee," akasema. "Mimi nilitaka kuiondoa."

Kwa maneno hayo tumemsamehe tai zote alizovaa tangu siku ile.

Bi Sogeza alijitokeza na trei yake tupu. Mamamkwe akageuka.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Mama alipitisha mkono juu ya kitambaa, akaigusa miwani, akainama kukitazama kile kiatu. Kisha akasema, polepole, "Aliyeiacha meza hivi anajua nyumba inavyokuwa watu wakiwa wamo ndani." Akanywa chai. "Ila hicho kiatu ukioshe."

Bi Sogeza alijaribu kucheka, ikashindikana, akajifuta uso kwa kitambaa cha mkono kilichokuwa mezani, bei yake ikiwa bado inaning'inia. Mama alipanda ngazi kwa mwendo wake, akachagua sahani, bakuli na birika, akalipa bila kuomba punguzo. Ukoo mzima ulipopata habari hiyo haukuamini mpaka ulipooneshwa vyombo.

Ghorofa haikufungwa. Kioo kiliondolewa na kibao kikaenda jalalani. Tulivunja sahani nyingi kuliko awali, na tuliuza nyingi zaidi ya hizo. Mwenzetu alijifungua akiwa bado na kazi. Na mama, kila alipopita mjini, aliingia, akakalia chochote kilichokalika, na Meneja akamletea chai bila kuagizwa. Mama alipofariki, wiki nzima dirisha la mbele lilikuwa na kiti kimoja tu, kimesukumwa nyuma. Hakikuwa na bei. Meneja alipita mbele yake asubuhi na jioni na hakuuliza kitu.

Mwezi uliopita mume wa Bi Sogeza alifika ofisi ya utumishi kuuliza kama mkataba wa mkewe unaweza kuongezwa walau mwaka mmoja. Ofisa alidhani ni mapenzi, akamsifu. Bwana akashusha sauti na kueleza kwamba yeye ameshastaafu, anapenda kuketi mahali pamoja, na amesikia mkewe akisema sebule yao "haimwambii mtu kitu". Tulimsikitikia kwa dhati. Maombi yake hayakukubaliwa.

Bi Sogeza, umetuumiza migongo, umetuhamisha kaunta tukiwa bado tunahesabu chenji, na sahani tunazokula nazo majumbani ni zile ulizotufanya tuzionee tamaa. Asante kwa kila ulichosogeza, na zaidi kwa wale wanne uliokataa wasogezwe. Tunakuombea afya, goti lisilonung'unika, na asubuhi ndefu zisizo na kengele ya kufungua duka. Na wewe shemeji, tunakuombea kiti chako ukikute pale pale ulipokiacha jana.