Damu ya Dada Yake Xaver

Benchi la mbele ya duka la mikate lina watu wake, na watu wake wana saa yao. Saa nne asubuhi, jua likishapanda juu ya misonobari ya mlimani, utamkuta Alfons, waliyembatiza Msumeno kwa sababu alikata miti miaka arobaini na mdomo wake haukupumzika hata siku moja. Pembeni yake hukaa Eugen, aitwaye Kengele, mpiga kengele wa kanisa, ambaye siri kwake haimalizi nusu saa. Wa tatu ni Walburga. Huyo hawakumpa jina la utani, maana kahawa huwa yake, na anayemiminia watu kahawa hachezewi. Alfons hutia tone la pombe ya cheri kikombeni, Eugen hunyoosha chake naye atiliwe, na keki ya plamu hugombaniwa na nyigu. Asubuhi ile ya Septemba Walburga alikuwa na barua ya hospitali ya mji wa Freiburg kwenye mfuko wa aproni, na nyumbani kwake alikuwa anakuja nesi kumtoa damu. Ndiyo maana alitoka mapema.

— Wewe unakimbia, alisema Alfons.

— Nakimbia wapi na magoti haya? Nimekaa.

Jambo lenyewe walilijua. Binti yake, Irmtraud, alikuwa ametolewa uvimbe kwenye figo mwezi wa sita, na madaktari wakasema kasoro ile ni ya kurithi, ipo kwenye familia za mabonde yale tangu zamani. Imetoka kwa baba au kwa mama? Baba yuko makaburini, hawezi kuulizwa. Imebaki damu ya Walburga. Ikionekana kwake, basi imetoka nyumba ya wazazi wake, na watoto wawili wa marehemu kaka yake Xaver itabidi waitwe wapimwe, kabla haijawafika machoni au kichwani.

Walburga aliwaambia wenzake kwamba anaogopa sindano. Hakuwaambia kwamba alijifungua watoto watano bila kupiga kelele, na kwamba anachoogopa ni kuambiwa, "Mama, umempa mtoto wako ugonjwa."

Eugen alitaka kujua ugonjwa wenyewe unafanyaje kazi, naye Walburga akawaeleza kama Irmtraud alivyomweleza jikoni. Ndani ya seli kuna protini moja inayoamrisha jeni. Ikikaa sana inapiga kelele kwamba hewa ni ndogo, mishipa ya damu iongezwe. Sasa hewa ikiwa ya kutosha, kuna protini nyingine inakuja kuibandika alama, vitu vidogo vidogo viitwavyo yubikwitini, kimoja juu ya kingine kama shanga. Ikishavishwa shanga hizo, inapelekwa kwenye pipa la kusagia, na kelele zinakwisha. Kwa Irmtraud yule mbandika alama ni mbovu. Mpiga kelele habebwi, na mishipa inaota mafungu mafungu pasipohitaji.

Alfons alifurahi kama aliyeulizwa swali la kazini kwake.

— Hiyo ni misitu. Bwana miti anapita na rangi. Mstari mmoja wa mshazari, mti unakatwa. Mimi mti usio na rangi siugusi hata ukiniangukia. Bwana miti akiugua, basi, msitu unajifunga, hata mbwa hapiti.

Eugen alipinga. Alikumbuka kuna miti iliyochorwa mstari wa mawimbi na haikukatwa, ikaachiwa ndege. Walburga akasema hata daktari alisema hivyo: shanga moja pengine inaihamisha tu protini mahali pengine, ni mnyororo ndio unaopeleka pipani. Hapo Eugen akapata mwanga wake. Kama vitu hivyo vipo kila seli, vipo hata kwenye keki hii. Irmtraud ale keki, shanga ziongezeke.

— Shanga anazo, alisema Walburga. Hana wa kuzibandika.

Eugen hakushindwa. Akasema basi Irmtraud ahame, ashuke bondeni kwenye hewa nzito, protini ione hewa ni tele inyamaze yenyewe. Alfons akamwambia kwa hesabu hiyo Eugen, anayepanda mnara wa kanisa kila siku, angekuwa mishipa mitupu. Eugen akajibu kwamba mke wake alishambandika alama siku nyingi, ni pipa tu halijapatikana. Walicheka mpaka Walburga akafuta machozi kwa aproni, na kwa dakika mbili akaisahau barua.

Ndipo akafika mwanamke mwenye begi la zahanati. Alikuwa Bogumila, nesi kutoka Poland, wiki ya tatu hapo kijijini. Alikuwa amegonga nyumbani, jirani akamwelekeza. Hakugomba. Aliomba kukaa, akapewa kahawa, akauliza kama kwao Bibi Walburga kuna mtu aliyewahi kuumwa hivyo.

— Kwao hakuna, alidakia Eugen. Kulikuwa na Pepesuka tu, kaka yake, na lake lilikuwa pombe.

Alfons alieleza. Huyo alikuwa kwenye kikosi chake cha wakata miti. Akaanza kuyumba, akaanza kukosea mti kwa shoka, anashika kichwa kila asubuhi. Mtu wa hivyo humpi msumeno. Alimwondoa. Mwaka uliofuata Pepesuka akaanguka kutoka kwenye ngazi akichuma cheri, akafa palepale.

Bogumila alishika kikombe kwa mikono miwili.

— Kuna aliyemwona akinywa?

Eugen alifunika kikombe chake kwa kiganja. Alfons akatazama mlimani. Walburga alilitafuta jibu kuliko wote. Kila Krismasi aliificha chupa nyuma ya unga kaka yake alipokuja, na kila Krismasi Xaver alikula, akashukuru, akaondoka kwa kushika ukuta. Hakuwahi kuiulizia.

Bogumila aliweka kikombe. Alisema tu kwamba uvimbe wa namna hiyo ukikaa nyuma ya kichwa, mtu huyumba, na kwamba bila vipimo yeye hawezi kusema zaidi.

Walburga alivua koti, akakunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko.

— Nitoe hapa hapa, mwanangu.

Alitia saini karatasi. Sindano ilipoingia aliitazama, na damu ikapanda kwenye kichupa, nyeusi kidogo, kama ya mtu yeyote. Nesi akasema majibu ni baada ya wiki tatu, akafunga begi.

Alfons alikuwa amesimama. Watoto wa Xaver wanakaa nyumba ya mwisho, juu, kilomita mbili za mlima, naye ana nyonga ya bandia.

— Subiri majibu, Eugen alimwambia.

— Miaka ishirini na miwili tangu nimwondoe, nimesubiri nini?

Alipiga hatua mbili, akageuka kwa Walburga kama mtu aliyesahau njia.

— Nianzeje nikifika?

— Usiseme Pepesuka, alisema Walburga. Anza na Xaver.