Barometa Anaitaka Mvua

Kijiwe chetu ni benchi la mawe kwenye baraza ya baa ya Tasio, na hapo hatufikiwi na mvua wala na wake zetu, kwa wale walio nao. Huku kwetu Cantabria, kaskazini mwa Hispania, mvua si habari. Habari ni jua. Lakini wiki ile ya mwisho wa Novemba watu wazima wanne hatukuwa na mazungumzo mengine ila mvua, kwa sababu Jumamosi Lines, mjane mwenye duka la mkate, alikuwa anaolewa. Tena anaolewa na Saturio, muuza vitunguu saumu kutoka nyanda kavu za Kastilia, ng'ambo ya milima. Alikuja na gari lake mwezi wa Machi, akarudi Aprili, Mei hakuondoka tena. Ngozi imeiva kwa jua, meno yote ya kwake mwenyewe. Mimi, wanayeniita Shubiri, nilimchukia tangu siku ya kwanza na wala sifichi. Lakini chuki yangu ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya ile ya Nel, tunayemwita Barometa. Yeye ni mfuga ng'ombe, kapera, jirani wa Lines ukuta kwa ukuta. Miaka na miaka ananunua mkate pale kila asubuhi, anasema “habari za leo”, analipa, anaondoka. Kijiji kizima tulijua, kuanzia na wenzetu wawili wa benchi, Redio na Profesa. Aliyekuwa hajaambiwa ni Lines peke yake.

Barometa: Jumamosi inanyesha. Na si manyunyu. Itanyesha mpaka ng'ombe waombe viatu.

Redio: Acha kamba, bwana! Toa pua yako nje. Upepo wa kusini huo, joto kama la kiangazi cha Agosti. Simu yangu hii inasema jua mpaka Jumatatu. Ona, imechora na kijua chenyewe.

Barometa: Simu yako imezaliwa juzi. Mimi nimezisoma témporas.

Témporas ni zile siku tatu za mfungo za Septemba. Upepo unaoshika siku hizo ndio utakaotawala mpaka Krismasi. Ndivyo wazee walivyotuachia, na Barometa kila mwaka hupanda kilimani kwenda kuupokea.

Redio: Haya, ulivuma upi?

Barometa: Wa kaskazini-magharibi. Wa mvua.

Mimi: Mwongo wewe! Siku hizo nilianika mashuka, yakakauka kabla sijamaliza kuyabana. Ulikuwa wa kusini.

Barometa: Mchana ulikuwa wa kusini. Usiku ukageuka.

Redio: Nani aliyeuona ukigeuka?

Barometa: Mimi.

Redio: Peke yako?

Barometa: Kwani upepo nao unataka mashahidi wawili kama ndoa?

Neno ndoa likamtoka hivyo, akaliwahi kwa kujitia kikombe mdomoni. Kikombe kilikuwa kitupu.

Hapo akadakia Profesa. Shule aliikimbia mapema, lakini aliwahi kuwa mpiga kengele wa kanisa, na kwa kukaa juu mnarani akajiona ameisomea mbingu.

Profesa: Nyote mmechemsha. Hamjiulizi kwa nini Kastilia jua halikatiki, na sisi tunaota ukungu masikioni? Ni handaki.

Redio: Handaki gani?

Profesa: La barabara kuu. Tangu walipotoboa mlima, jua letu linapitia humo. Linavutwa! Ukifungua mlango wa mbele na wa nyuma, moshi wa jikoni si unatoka? Basi.

Mimi: Na wanawake nao wanavutwa?

Profesa: Sasa umeanza kuelewa. Limekwenda jua, amekwenda Lines. Kinachorudi huku ni vitunguu.

Redio: Lakini Lines haendi popote. Saturio ndiye anahamia.

Profesa: Mbaya zaidi! Mchumia juani hulia kivulini. Jua kalichuma huko kwao miaka sitini, sasa anakuja kulia wali wa maziwa wa Lines kivulini kwetu.

Mimi: Na meno yale! Umri ule na meno yale, hiyo si haki.

Redio: Ni hewa kavu hiyo.

Mimi: Hewa kavu ningeipata mimi, ningebaki hata na mawili ya kutafunia.

Barometa: Mimi sina neno na Saturio. Nazungumzia hewa tu. Lines anataka kwenda kanisani kwa miguu, wanawake wa matari mbele, kama mama yake alivyokwenda. Haya. Mvua ikinyesha, ngozi za matari zinalegea, hayalii. Njia yote ya kanisani tope. Ndugu za bwana harusi wanakwama mlimani kwenye theluji. Harusi inaahirishwa. Mwezi, miezi miwili. Na mtu wa jua mkalishe miezi miwili kwenye mvua yetu uone kama hajawasha gari akarudi kwao. Hiyo ni hewa tu. Sisemi mtu.

Tukatazamana. Mzee wa watu alikuwa amekwisha kuipanga mvua yake mpaka Februari.

Redio: Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Barometa: Umesema nini?

Redio: Nasema kahawa. Tasio anachelewa.

Profesa: Nel, ukitaka, ufunguo wa mnara bado ninao. Zamani tulipiga kengele kufukuza mvua ya mawe. Nikiipiga kinyumenyume, inaita mvua.

Redio: Kengele inapigwaje kinyumenyume?

Profesa: Unasimama upande wa pili wa kamba.

Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Barometa hakucheka.

Barometa: Na mvua inachukua muda gani kufika?

“Kufika wapi?”

Tukageuka. Lines alikuwa amesimama nyuma yetu, unga mpaka kwenye viwiko, kikapu mkononi. Hakuna aliyeweza kusema alifika saa ngapi.

“Hamjambo, wazee wangu. Nel, kesho si unakwenda mnadani mjini?”

“Naam.”

“Basi nipitishie haya kwa watawa wa Mtakatifu Klara. Mayai. Bibi harusi asiyempelekea Klara mayai, mvua ya harusi kajitakia mwenyewe. Ningemtuma Saturio, lakini watu wa kwao hawajui kuomba jua, hawajawahi kulikosa. Waambie ni ya Lines wa mkate, na harusi ni Jumamosi. Na wewe uniombee hapohapo.”

Barometa akaitikia kwa kichwa. Lines akageuka kuondoka, akarudi.

“Naambiwa unatangaza kwamba itanyesha.”

“Témporas ndizo zinazosema, si mimi.”

“Témporas nazijua, Nel. Hata mimi nilikuwa na nguo kambani. Nakuuliza wewe. Wewe unataka inyeshe?”

Redio akaigeuza simu yake kifudifudi. Profesa akaanza kuhesabu mawe ya ukuta. Mimi, mwenye ulimi mrefu kuliko wote pale, nikauzamisha kwenye kikombe. Lines alisubiri. Nasema kweli, alisubiri zaidi ya mtu anayesubiri kuambiwa habari za mvua, na Barometa alikuwa anatazama viatu vyake. Mwishowe Lines akamwekea kikapu magotini, taratibu, akashika njia ya dukani kwake.

Redio: Ungemjibu, bwana.

Barometa: Ningemjibu nini?



Profesa: Mayai utayapeleka?

Barometa: Nitayapeleka.

Profesa: Na utaomba?

Mikono ya Barometa yote miwili ilikuwa imekikumbatia kile kikapu asije akavunja hata moja, kwa hiyo machozi yalipoanza kushuka hakuwa na mkono wa kuyafutia. Yakashuka tu, mpaka kwenye ndevu. Nilimhurumia hadi nikakasirika.

“Tasio!” nikapaza sauti. “Kahawa nyingine!”

“Imekwisha,” akajibu Tasio kutoka ndani.

“Basi lete maji, lete chochote! Lakini usije upesi.”