Vikombe Sita vya Fundi Mawingu

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, familia imenipa mimi, mtoto wa kaka yake, heshima ya kuwasomea safari ya Baba Mdogo, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mawingu, na Mama Mdogo ameniomba nisiruke habari ya vikombe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha ghala la mbao, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978 akiwa na alama nzuri za fizikia na mbaya za nidhamu, kwa kuwa alifungua bomba kuu la bweni ili aone maji yanapita wapi, na bweni zima likaona pamoja naye.

Alihitimu ufundi bomba mwaka 1982, akaajiriwa na idara ya maji tarehe 3 Februari 1986, na tarehe 18 Agosti 1990 akafunga ndoa na Mama Mdogo, ambaye mama yake mzazi aliwazawadia vikombe sita vyeupe vyenye ukingo wa buluu, akiwaonya kwamba vya aina ile havitengenezwi tena. Walijaliwa mabinti wawili, mwaka 1992 na 1995.

Ikafika siku kituo cha anga, ile nyumba ya chuma inayoizunguka dunia, kikahitaji fundi, maana wasomi wa huko walizijua nyota zote ila choo kiliwashinda, basi Baba Mdogo akafuzu mafunzo na kurushwa tarehe 9 Mei 2003. Aliishi huko siku 187, akilala ndani ya mfuko uliofungwa ukutani, na kwa kuwa alimwahidi Mama Mdogo salamu kila jua likichomoza, na huko juu huchomoza mara kumi na sita kwa siku, siku ya kwanza zilifika salamu kumi na sita, Mama Mdogo akamjibu, "Mume wangu nakupenda, lakini nina kazi."

Huko kitu hakiwekwi mezani, unakiachia hewani nacho kinakungoja, kwa hiyo aliporudi tarehe 12 Novemba, kesho yake asubuhi, akisimulia habari za kile choo, alikiachia kikombe karibu na sikio ili aeleze kwa mikono miwili, nacho hakikungoja. Mama Mdogo akasema, "Mwili umeshuka, mikono bado iko kule." Daktari alisema ni mambo ya wiki chache, wiki zikapita na vikombe vikapita, hadi Mama Mdogo alipogundua kwamba mumewe husahau pale tu hadithi inapomnogea, akakifungia kabatini kikombe cha mwisho, akampa cha plastiki, nasi tukawa tunaijua furaha ya Baba Mdogo kwa mlio wa plastiki sakafuni.

Mwezi Januari 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara nne, akanyamaza, akawa anashika kikombe kwa mikono miwili bila kukiangusha, jambo lililomtisha Mama Mdogo kuliko majibu yoyote ya vipimo. Jumamosi tarehe 1 Juni 2024 alifungua kabati, akampelekea chai wodini katika kile kikombe cha mama yake, akamwambia, "Hebu msimulie nesi habari za choo." Alianza polepole, akakolea, akainua mikono yote miwili, kikombe kikapasuka vipande vipande, na Mama Mdogo akapiga makofi hadi wagonjwa wa jirani wakaamka. Marehemu alifariki kesho yake saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, nesi aliyepangusa chai bila kuuliza swali, wenzake wa idara ya maji na wa kituo cha anga, na majirani mliotuazima vikombe vya leo, ambavyo mtarudishiwa vikiwa vizima, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba hii.

Baba Mdogo, achia tu ulichoshika, tutafagia sisi, pumzika kwa amani.