Jemadari Kou Tingrui na Atakayemvunjia Chungu

Ndugu waombolezaji, mliotoka mjini na mliotoka milimani, na hata wewe mkuu wa wilaya uliyekuja bila kualikwa, poleni kwa msiba, na mniwie radhi mimi mdogo wake, sijazoea kusema kwa kunong'ona.

Marehemu Jemadari Kou Tingrui alizaliwa tarehe 9 Machi 1879 kijijini Shiyan, mkoa wa Gansu, mtoto wa pili wa mbeba chumvi kwa nyumbu, akasoma miaka miwili kwa mwalimu wa kijiji, akafukuzwa kwa kumtandika mtoto wa tajiri, na sisi tunasema alimtandika kidogo mno.

Mwaka 1898 aliingia jeshini, na dola ya wafalme ilipoanguka mwaka 1911 wakubwa wake walitimua mbio, yeye akabaki na watu sitini, akaishika wilaya hii ya Heisha miaka ishirini na miwili. Tusifichane, alitoza kodi ya mavuno ambayo hayajapandwa, alilimisha kasumba, na wapo hapa aliowachapa viboko; lakini mwaka wa njaa, 1929, alifungua maghala ya jeshi, askari wake wakanywa uji wa mtama uleule mliokunywa nyinyi, na serikali ya Nanjing iliyomvika nishani haikuleta hata punje.

Mwaka 1905 alimwoa Bibi Miao Guizhi, wakajaliwa wana wawili, waliokufa vitani mwaka 1930, na binti, Yunjin. Mwaka 1933 Nanjing ilimtaka akabidhi bunduki, akakataa katakata, na lango la kusini la mji likafunguliwa kwa ndani na Deshou, mtoto wa kaka yetu mkubwa, ambaye kwa kazi hiyo akapewa ukuu wa wilaya, na leo amevaa nguo nyeupe za msiba akitaka kuvunja chungu mbele ya jeneza, kwa kuwa avunjaye ndiye mrithi wa jina na nyumba.

Mapafu yalimlaza tangu Juni, na wazee wa ukoo walipokuja kumkumbusha kwamba binti havunji chungu, aliinuka kitandani akasema, "Yunjin ndiye atakayevunja. Mwenye kubisha aje abishe ningali hai." Wazee wakamaliza chai yao wakaondoka, Deshou akaitwa hakuja, na tarehe 3 Novemba 1934, asubuhi, kaka akakata roho.

Tunamshukuru Daktari Xing aliyemtibu kwa siri, majirani waliopika na kulia nasi, na wenzake wa jeshini ambao, baada ya kunyang'anywa bunduki, wamekuja na mabega yao kumbeba. Aliyepiga marufuku tarumbeta za mazishi hatumshukuru, na mbele ya chungu hiki hana nafasi.

Yunjin, mwanangu, sogea, usimtazame mtu usoni, kiinue ukivunje. Na wewe kaka, nenda kwa amani, mrithi wako umemchagua mwenyewe.