Jiwe Mwenyeji, Jiwe Mgeni: Maisha ya Mwalimu Mudathir Sadalla

(Imesomwa na mdogo wake, Mundhir Sadalla)

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1947, Ushongo, Pangani, katika nyumba ya wachoma chokaa. Baba akivunja matumbawe, yeye alikuwa akiyaficha yenye matundu yasiende tanuruni, na kwa hilo alichapwa sana.

Alisoma Pangani, akawa mwalimu wa sanaa Tanga mjini, na mwaka 1975 akamuoa Bi Saleha Yakoub. Mwaka 1979 alikwenda China kusomea uchoraji wa wino. Kwa kuchelea kuchora chenye roho, akachagua mawe. Kumbe! Mwalimu wake wa huko alimcheka. Jiwe, alimwambia, ni mfupa wa ardhi, na matundu yake ndimo linamopumulia. Kubwa ni mwenyeji, dogo ni mgeni, na watu wazima na akili zao huliamkia. "Subhanallah," kaka alikuwa akituambia, "kumbe ni mawe ya kwetu Ushongo!"

Alirudi 1982, maduka meupe, sabuni unaitafuta kwa tochi. Wino aliutengeneza mwenyewe kwa masizi ya koroboi na utomvu wa mkanju.

Juni 1984 homa ilimchukua binti yao Nasima, wa miaka saba. Picha yake haikuwapo hata moja, maana filamu zilikuwa hazipatikani. Bi Saleha akamlilia mumewe, "Baba Nasima, nichoree uso wake, nisije nikausahau." Sura hakuthubutu, akihofia siku ya Kiyama kudaiwa aitie roho. Akachora mwamba wenye matundu, umekiinamia kijiwe.

"Nimekuomba mwanangu, wanipa jiwe!" Bi Saleha akaikunja, akaitupa juu ya kabati.

Biashara ilipofunguliwa dawa zilijaa madukani, ila za kununua. Mwaka 1995 marehemu alilala kitandani kwa maradhi ya moyo, na mwenye hoteli mmoja, aliyesikia habari za ile picha ya mwamba, akaja kuitaka. "Ya Saleha ile," marehemu alisema. "Muulize yeye."

Bi Saleha aliishusha aiuze, apate pesa za dawa. Akaikunjua, akaduwaa. Wallahi, sote tulisogea kutazama. Mwamba ule ulikuwa yeye mwenyewe, vilevile alivyokuwa akiinama kumsuka Nasima nywele.

Akavua bangili zake. "Kauzeni hizi," alisema. "Mwanangu hauzwi."

Marehemu alisikia, akalia kwa furaha. Alifariki Ijumaa, tarehe 10 Novemba 1995.

Ameacha mjane na watoto wawili, Zubeiri na Thuwaiba. Mola amkutanishe na Nasima, apumzike kwa amani.