Kona ya Mkunazini

Jamaa zangu, wachukuzi wenzangu, mmenitaka nisimame nami nshasimama, ingawa mimi nilizoea kuangusha watu kuliko kuwahutubia.

Ujanani nilikuwa bondia wa uzito wa juu, na mtindo wangu mmoja tu: naingia, naachia mkono wa kulia, mtu chini. Huku kwetu ngumi zilipopigwa marufuku baada ya Mapinduzi, nikawa navuka kupigana Dar es Salaam. Miaka ikaenda, miguu ikawa mizito, mimi bado naingia vile vile. Akanikuta kijana mmoja. Nikarusha wa kulia, nikapiga upepo, nikazindukia chumbani namwagiwa maji.

Nakwambieni kweli, nilirudi Ng'ambo nikajifungia kwa haya. Mke wangu ndiye aliyenitoa. "Mume wangu, umeanguka ulingoni, hukuanguka nyumbani. Ndani hamna unga. Nenda kasukume mkokoteni."

Nikaja kwenu. Siku moja nna magunia ya karafuu, pale kona ya Mkunazini inayotushinda sote (msicheke!), mkokoteni ukakwama kwenye mlango wa Bi mmoja. Nikausukuma kwa kifua, mlango ukalia, ubao ukapasuka. Bi akachungulia dirishani: "We baba! Nguvu zote hizo za nini? Rudi nyuma kidogo, ugeuze!"

Nikarudi hatua, nikaugeuza, ukapita na uzito wake wote. Nikabaki nimesimama pale. Maisha yangu yote ya ngumi sikuwahi kurudi nyuma, nikidhani ni woga.

Nikamtaka tena kijana yule yule. Safari hii mkono wa kushoto mbele. Akija narudi, nageuka, namgusa. Watu wakazomea: "Babu anakimbia!" Nikawaacha wazomee. Raundi ya mwisho kijana yu hoi, mikono imemshuka, nami bado nna pumzi. Sikumwangusha. Nilishinda kwa pointi, mara yangu ya kwanza, nikalia mbele za watu.

Ahsante mke wangu. Ahsanteni nyinyi mlioshika zamu yangu nilipokuwa mazoezini. Ndugu zangu, nguvu zikipungua msizililie. Jifunzeni kurudi hatua bila kukimbia.

Yule Bi nilimwendea. "Shikamoo Bi. Nimeshinda kwa maneno yako."

"Marahaba, mwanangu. Na mlango wangu utautengeneza lini?"

Basi kesho nakwenda na randa na misumari. Anayeweza kushika ubao, anifuate.