Gavana Wetu na Kura ya Iya Ronke

Benchi la mtaa wa Oke-Agbede liko palepale panapowekwa sanduku la kura siku ya uchaguzi, mbele ya mlango wa Seneta. Seneta mwenyewe hajawahi kuingia bungeni hata kufagia. Jina lake ni Lamidi, fundi cherehani, na kwa miaka ishirini amekuwa wakala wa chama cha Kibuyu pale mtaani. Kura zikihesabiwa, huhesabiwa hapo hapo kwa sauti, mtaa mzima ukiitikia moja, mbili, tatu, na Kibuyu hakijawahi kushindwa mbele ya kizingiti chake. Sasa Jumamosi ni kura ya urais. Mgombea wa Kibuyu anasifiwa kila mahali, lakini gavana wao, wa Kibuyu hichohicho, alileta tingatinga msimu wa mvua akalibomoa soko la mtaa, na kesho anakuja kumpigia mgombea debe. Asubuhi hiyo Seneta alikunywa uji bila kuuonja. Aliiogopa aibu ya kushindwa mlangoni pake.

Uji ni wa mkewe, Iya Ronke, yaani mama yake Ronke. Zamani alikuwa na mashine ya kusaga pilipili sokoni, ikafukiwa na tingatinga. Siku ile alirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope, na Seneta, kofia ya chama kichwani, akamweleza habari za barabara pana itakayopita pale. Tangu hapo mama wa watu anakaanga akara, bajia za kunde, kando ya benchi, na neno la siasa halimtoki.

— Jamani, kura ya urais ni Jumamosi, ya ugavana wiki mbili baadaye, alianza Seneta, akiwageukia waliokaa benchini. Karatasi mbali, mtu mbali. Jumamosi mpeni mtu wetu urais. Huyo gavana mtamfanya mtakavyo siku yake ikifika.

— Dole gumba la kupigia kura ni lilelile, Seneta, alisema Injini, fundi wa jenereta, aliyekuja na oili yake mikononi. Likiona kibuyu kwenye karatasi linakumbuka tingatinga. Dole langu lina hasira kuliko mimi. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Wewe ipokee tu, itajipanga mbele ya safari.

Redio akakohoa. Huyu ni kinyozi, na hajawahi kunyoa mtu bila kumpa habari ambayo hakuiomba.

— Nyie mnaparaza juu juu. Yule si gavana wa Kibuyu. Ametumwa na chama cha Ngazi aje kutumaliza.

— Ushahidi?

— Tangu aapishwe, nani amemwona akimfanyia mpinzani ubaya? Ubaya wote ni kwetu tuliompa kura. Mtaa wa juu walimnyima, leo wana lami mpaka msalani!

— Hilo kweli, alisema Injini. Basi tuwarudishie mtu wao. Avalishwe kofia ya Ngazi, apande jukwaani na mgombea wao, amshike mkono watu wote wakiona. Kufika Jumamosi, Ngazi kwisha habari yao.

— Hawezi kukubali, alisema Seneta.

— Basi augue! Apelekwe Ulaya akatibiwe jino.

— Jino gani la wiki nzima?

— Meno yote, bwana. Domo lote lile, unadhani kazi ya siku moja? Paka akiondoka panya hutawala.

— Panya ndio nani hapo?

— Si sisi!

Benchi likacheka. Seneta akacheka pia, huku akimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Iya Ronke aligeuza akara zake tu.

— Sikilizeni, Redio akashusha sauti. Gavana alizaliwa pacha. Tuliyemchagua ni Kehinde. Mnamkumbuka? Alikaa hapa hapa, akanywa uji wetu mpaka akalamba bakuli. Huyu aliyeko ofisini ni Taiwo! Kehinde kafungiwa mahali. Tukimtoa kabla ya Jumamosi, urais tunao.

— Tumtoe wapi?

— Niachie mimi, alisema Injini. Huko alikofungiwa lazima kuna jenereta, na lazima itaharibika.

Hapo lori likasimama. Akashuka mwanamume mnene, mgeni, mfanyakazi wa maturubai kutoka mji wa jirani. Aliamkia kiungwana, maana kwetu kila jambo lina salamu yake, hata jasho.

— Poleni na kukaa, wazee. Mama, pole na moto. Nimeleta maturubai ya gavana, ya kesho. Niyafunge wapi?

Wakatazamana. Mikutano yote ya Kibuyu ilikuwa ikifanyika sokoni.

— Zamani tungekwambia sokoni, alisema Injini. Gavana kalibomoa.

— Loo, poleni sana. Mgeni akapokea bakuli la uji, akaketi. Na huyu mnayetaka awe rais, soko lilipobomolewa, alikuja kuwapa pole?

Redio, mwenye habari mpaka za mapacha, akaangalia viatu vyake. Injini alitafuta methali, hata ya kupachika, asipate. Seneta alijua hotuba zote za mgombea kwa moyo: ya reli, ya umeme, ya bei ya mchele. Alizipekua zote kichwani na pole hakuiona. Halafu akaona haya kuendelea kupekua, kwa sababu ile pole hata nyumbani kwake haikuwa imetamkwa.

— Yarudishe, ndugu yangu, alisema mwishowe. Mwambie aliyekutuma kwamba Lamidi wa Oke-Agbede amesema watu huamkiwa kwanza, ndipo waombwe kura.

Akavua kofia ya chama, akaiweka benchini, akaenda kuchuchumaa kando ya karai, mbele ya watu wote.

— Iya Ronke. Pole na soko lako. Pole na mashine yako. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza.

Iya Ronke aliopoa akara iliyoiva vizuri kuliko zote, akaifunga kwenye karatasi, akampa mumewe kwa mikono miwili.

— Asante, Baba Ronke. Imechelewa, lakini imefika.

Redio akashindwa kujizuia:

— Na Jumamosi, mama? Kura?

— Si huwa mnahesabu kwa sauti? alisema Iya Ronke, akikomba sufuria ya uji uliokwisha. Mtasikia.